Daktari wa Maradhi ya Ndani: Kazi Yake, na Unachostahiki Kutoka Kwake

Mnunuzi wa mchele katika soko la Darajani huutia mkononi, akautazama na kuunusa kabla ya kutoa fedha yake. Mgonjwa aingiapo kwa daktari hana nafasi hiyo. Anachokwenda kukitafuta ni elimu ya mtu mwingine, na rai yake juu ya mwili ambao mwenye nao hauoni kwa ndani. Hata pale ambapo huduma hailipiwi papo kwa papo, mgonjwa bado ni mtumiaji: ametoa wakati wake, nauli yake na imani yake, na anachokihatarisha ni afya yake.

Makala haya yanaeleza kazi ya daktari wa maradhi ya ndani kama inavyofanyika Unguja, mjini na mashamba. Yanakusudia kumwezesha msomaji kujua amwendee lini daktari huyu, ajitayarishe vipi, aulize nini, na afanye nini asiporidhika. Jambo moja litajitokeza katika kila sehemu: maradhi mengi ya ndani hayamalizwi kwa ziara moja. Huduma iliyo bora ni ile inayoendelea, katika mikono inayokujua, na yenye kumbukumbu zako zote mahali pamoja.

Ni daktari wa aina gani?

Jina la "maradhi ya ndani" huwapotosha wengi. Wapo wanaodhani ni maradhi ya uzazi, na wapo wanaodhani ni ya tumbo tu. Istilahi hii ilitokea Ujerumani katika karne ya 19, na ilimtofautisha daktari huyu na mpasuaji. Daktari wa maradhi ya ndani humtibu mtu mzima bila ya kisu: kwa dawa, kwa ushauri na kwa ufuatiliaji. Miongoni mwa kazi zake ni shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo, pumu, kifua kikuu, upungufu wa damu, maradhi ya ini na ya figo, na homa ambazo chanzo chake hakijajulikana. Watoto wana daktari wao, na wajawazito wana wakunga na madaktari wa uzazi. Lakini mjamzito mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo huhitaji madaktari wote wawili washauriane.

Safari ya kumpata bingwa ni ndefu. Shahada ya udaktari nchini Tanzania huchukua miaka 5, na hufuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anayetaka ubingwa wa maradhi ya ndani husoma tena miaka 3, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Zanzibar yenyewe ilianza kusomesha madaktari wake mwaka 2007 kwa ushirikiano na chuo kikuu cha tiba cha Matanzas, Cuba, na leo kazi hiyo inafanywa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA).

Kwa hiyo, mtu aliyevaa koti jeupe mbele yako anaweza kuwa afisa tabibu, daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo, daktari mwenye shahada ya kwanza, au bingwa. Kila mmoja ana kazi anayoiweza, na wengi wao watakuhudumia vyema. Lakini ni haki yako kujua nani anakutibu. Sema kwa adabu, "Daktari, naomba kujua jina lako na cheo chako." Hakuna utovu wa heshima katika swali hilo. Na kama umetozwa ada ya bingwa, basi aliyekuona awe bingwa.

Utamkuta wapi Unguja?

Katika nchi kama Marekani, watu wazima wengi wana daktari wa maradhi ya ndani aliye daktari wao wa kwanza: kila tatizo huanzia kwake, naye ndiye anayewapeleka kwingine. Kwetu ngazi imepangwa vyengine. Mlango wa kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu na shehia yako. Juu yake kuna hospitali za wilaya, kama Kivunge kwa upande wa Kaskazini na Makunduchi kwa upande wa Kusini. Hufuata hospitali ya mkoa iliyoko Lumumba, na juu kabisa ni Hospitali ya Rufaa ya Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe. Matatizo yanayohitaji utaalamu zaidi hupelekwa Dar es Salaam, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Zipo pia kliniki binafsi ambamo mtu humwendea bingwa moja kwa moja kwa kulipa ada.

Wengi huiruka ngazi hii wakaenda Mnazi Mmoja kwa kila jambo. Nia yao ni njema, lakini matokeo si mazuri kila mara. Mkaazi wa Nungwi mwenye shinikizo la damu lisilo na matatizo, akilazimika kupanda daladala hadi mjini kila mwezi, atakwenda miezi mitatu, minne, kisha atachoka. Mtu huyohuyo akipimwa na kupewa dawa katika kituo cha kwao, ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea. Bingwa amuone pale inapolazimika: dawa zinaposhindwa, viungo vinapoanza kuathirika, au utambuzi wa maradhi unapokuwa mgumu.

Ukipewa rufaa, usikubali kutumwa kwa mdomo. Barua ya rufaa iandikwe tatizo lako, vipimo ulivyofanyiwa na majibu yake, dawa unazotumia, na swali ambalo daktari wa kwanza anataka lijibiwe. Na ukirejea, rudi na jibu la bingwa kwa maandishi. Bila ya karatasi hizo mbili, bingwa ataanza upya, na wewe utalipia tena vipimo vilevile.

Maradhi yasiyopiga hodi

Sababu kubwa ya kumhitaji daktari huyu ni kwamba maradhi anayoyashughulikia zaidi huingia kimya kimya. Shinikizo la damu linaweza kukaa mwilini kwa miaka bila ya maumivu yoyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui kuwa wanalo. Aghalabu wanaotambua kwa kuchelewa hutambulishwa na kiharusi, na moyo kushindwa kazi, au na figo zilizokufa. Mgonjwa wa figo anapofika hatua ya kusafishwa damu kwa mashine, atahitaji kuunganishwa na mashine hiyo mara kadhaa kila wiki. Kidonge kimoja kwa siku na kipimo cha mkono ni gharama ndogo mno ukilinganisha na hali hiyo.

Kisukari nacho mara nyingi huja hivyohivyo. Kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kupungua uzito na macho kuona ukungu ni dalili zake, lakini wapo wasiohisi hata moja. Kipimo cha sukari kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na majibu hayo yakathibitishwa kwa kupima tena, mtu ana kisukari.

Kwa sababu hiyo, mtu mzima asingojee kuumwa ndipo apime. Apime shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hasa akiwa amepindukia miaka 40, akiwa na uzito mkubwa, au akiwa na mzazi au ndugu mwenye maradhi haya.

Kipimo chenyewe kina masharti, na ni haki yako kuona yanafuatwa:

- Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyopita, na uwe umekwisha kwenda haja ndogo.
- Kaa kitako dakika 5 kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu iko chini na haikupandanishwa.
- Mkono uwe wazi, umewekwa juu ya meza usawa wa moyo.
- Usizungumze wakati mashine inapima.
- Kipimo kirudiwe. Namba moja iliyopatikana baada ya kupanda ngazi mbio haitoshi kumwandikia mtu dawa za maisha.

Shinikizo likiwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tafauti, hilo ni la juu. Omba namba zako ziandikwe katika daftari lako. Neno "presha yako nzuri" halimsaidii daktari atakayekuona mwezi ujao, namba humsaidia.

Anavyofanya kazi chumbani

Wagonjwa wengi hulalamika kwamba daktari amewauliza maswali mengi badala ya kuwapima. Ukweli ni kwamba maswali ndiyo kipimo chake cha kwanza. Sehemu kubwa ya utambuzi wa maradhi ya ndani hutokana na maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Anapokuuliza unalalia mito mingapi, anachunguza moyo wako, kwani moyo uliochoka hujaza maji kwenye mapafu, na mwenye nao hawezi kulala chali. Anapokuuliza unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, anafikiria sukari, figo, na kwa mwanamme mtu mzima, tezi dume. Anapokuuliza kuhusu kazi yako, kama ni kupika kwa kuni au kuvunja mawe, anafikiria mapafu.

Baada ya maswali huja uchunguzi: kutazama macho na kucha, kusikiliza kifua, kubonyeza tumbo, kubonyeza miguu aone kama imevimba, kuangalia nyayo za mwenye kisukari kama zina vidonda asivyovihisi. Kisha ndipo vipimo vya maabara au picha, ikiwa vinahitajika. Mwishoni daktari anapaswa kukueleza mambo matatu: anachodhani unaumwa, atakachofanya, na lini urudi. Ukitoka chumbani huyajui matatu haya, ziara yako haijakamilika. Omba uelezwe tena.

Foleni ni ndefu, na muda wa daktari kwa kila mtu ni mdogo. Mgonjwa anaweza kuufanya muda huo uwe na faida kwa kujitayarisha. Kabla hujatoka nyumbani, andika tatizo lililokuleta, lilianza lini, na maswali yako yasiyozidi matatu. Anza na lile linalokutia hofu zaidi. Watu wengi huanza na mafua, kisha wanapofika mlangoni wakitoka ndipo husema, "Na kifua nacho hunibana nikipanda ngazi." Hilo la mlangoni ndilo lililofaa kuwa la kwanza.

Kama unamsindikiza mzee wako, mwachie aseme mwenyewe kwanza, kisha ongeza alichosahau. Na kama una jambo la siri, una haki ya kuomba mnaofuatana nao, hata wakiwa jamaa wa karibu, wasubiri nje.

Milango mitatu, dawa tatu

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake hutokea.

Bibi mmoja wa miaka 62, mkaazi wa Jang'ombe, anapewa katika kituo cha afya dawa ya shinikizo la damu iitwayo amlodipini. Dawa hiyo ni nzuri, ila kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Wakati huohuo magoti yanamuuma, na katika duka la dawa anauziwa diklofenaki, naye anaimeza kila siku kwa wiki nyingi. Diklofenaki ikitumiwa hivyo hupandisha shinikizo la damu, huzuia maji yasitoke mwilini, na huweza kudhuru figo. Miguu inavimba zaidi. Mwanawe anampeleka kliniki binafsi, na huko anapewa dawa ya kukojoza maji. Sasa ana kizunguzungu, figo zake zimeelemewa, na anaamini kwamba ana maradhi matatu.

Kila aliyemhudumia alitazama kipande kimoja. Hakuna aliyeona dawa zote tatu juu ya meza moja. Daktari mmoja atakayeziona pamoja huenda akasimamisha mbili, akabadilisha moja, na bibi huyo akarudi nyumbani na nusu ya gharama na nusu ya maradhi.

Hiyo ndiyo maana ya kuwa na daktari au kituo kimoja kinachokujua. Na hata ukilazimika kwenda kwa mwengine, chukua mfuko wenye dawa zako zote: za hospitali, za dukani, na za asili. Habasoda, majani ya kuchemsha, dawa za unga kutoka kwa tabibu wa kienyeji, yote hayo yataje. Daktari mwema hatakukaripia. Anataka kujua kama mojawapo inapingana na atakachokuandikia. Anayekuambia uache dawa zote za hospitali kwa sababu yake imetosha, awe ni nani, huyo ndiye wa kuogopwa.

Vipimo: uliza kabla ya kulipa

Kabla ya kipimo chochote, hasa katika kituo binafsi, una haki ya kuuliza: Kipimo hiki kinatafuta nini? Majibu yake yatabadilisha matibabu yangu? Kinagharimu kiasi gani? Kama jibu la swali la pili ni "hapana", pengine hakihitajiki. Ukishapima, omba nakala ya majibu, kwani ni yako, nawe ndiye utakayeyahitaji ukihamia kwa daktari mwengine.

Kwa mwenye kisukari, kipo kipimo kinachoonesha wastani wa sukari katika miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kipimo hiki hakidanganyiki kwa mtu kujinyima siku moja kabla ya kliniki. Mwenye kisukari apimwe pia macho, figo na miguu kila mwaka, hata kama hajisikii tatizo lolote.

Jambo jengine ni homa. Kwa miaka mingi sasa maambukizi ya malaria Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1, tafauti kabisa na zamani. Maana yake ni kwamba homa nyingi Unguja si malaria. Inaweza kuwa ni maambukizi ya mkojo, ya mapafu, homa ya dengi au jengine. Usinunue dawa ya malaria bila ya kupimwa, na usikubali kuandikiwa bila ya kupimwa. Vilevile usipuuze: kwa kuwa malaria imepungua, kinga ya watu nayo imepungua, na anayeipata anaweza kuzidiwa haraka.

Dawa: kuzinunua na kuzitumia

Nunua dawa katika duka lililosajiliwa, na omba risiti. Tazama jina la dawa, tarehe ya kumalizika muda wake, na kama pakiti imefunguliwa. Dawa iliyo na jina la kibiashara mara nyingi ina mwenzake mwenye kazi ileile kwa bei ndogo. Mwambie daktari akuandikie jina la dawa yenyewe, kisha muulize muuzaji ipi ni nafuu kati ya zilizosajiliwa.

Kosa lililo kubwa zaidi katika maradhi haya ni kuacha dawa kwa sababu "presha imeshashuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa. Ukiacha, itapanda tena, na hutahisi. Ikiwa dawa inakuudhi, usiiache kimya, rudi useme. Kikohozi kikavu kinaweza kuletwa na enalapiri au lisinopiri. Tumbo kuvurugika kunaweza kuletwa na metfomini, na mara nyingi hutulia dawa ikimezwa pamoja na chakula. Karibu kila udhia una mbadala.

Dawa haifanyi kazi peke yake. Papa mkavu wa chumvi, urojo wa kila jioni, soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari huipinga. Daktari anayekwambia tu "punguza chumvi" hajakusaidia sana. Muulize upunguze nini katika chakula unachokula kweli: muhogo, wali wa nazi, samaki, mkate. Samaki mbichi aliyechomwa kwa ndimu ni bora kuliko wa chumvi aliyekaushwa, na kutembea kwa miguu kila siku kuna faida hata kwa mwenye umri mkubwa.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani

Kwa Wazanzibari wengi, swali kubwa la mwaka ni: "Naweza kufunga?" Lisiulizwe usiku wa kuamkia mwezi. Wataalamu wa kisukari wanashauri mgonjwa amuone daktari wake wiki 6 hadi 8 kabla, ili kipimo cha hatari kifanyike na dawa zipangwe upya kati ya futari na daku. Anayetumia insulini au glibenklamaidi yuko katika hatari ya kushukwa na sukari mchana. Anayetumia metfomini peke yake hatari yake ni ndogo zaidi. Mwenye figo zilizoharibika, mjamzito mwenye kisukari, na aliyewahi kuzimia kwa sukari karibuni, hao kwa kawaida hushauriwa wasifunge. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na ni vyema kuzungumza na sheikh baada ya kusikia neno la daktari, ili rai mbili zikutane.

Anayefunga apime sukari yake mchana. Wanazuoni wengi hawaoni kwamba kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo kunabatilisha saumu. Ikiwa sukari imeshuka chini ya milimoli 3.9, au imepanda juu ya 16.6, afungue papo hapo, hata ikiwa magharibi imebaki nusu saa. Na futari isiwe ya kaimati na juisi tu: aanze kwa maji na tende kidogo, kisha ale chakula cha kawaida kwa kiasi.

Dalili zisizosubiri kliniki

Usingojee tarehe yako, wala usiende kwanza kutafuta dawa dukani, ukiona mojawapo ya haya:

- Uso umepinda ghafla, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa.
- Kifua kinabana au kuuma kwa uzito, hasa maumivu yakienda mkononi au taya, pamoja na jasho.
- Pumzi zinakatika hata ukiwa umekaa.
- Mwenye kisukari amechanganyikiwa au amezimia. Usimtilie kitu mdomoni aliyezimia.
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
- Homa kali pamoja na shingo ngumu au kuchanganyikiwa.

Mpeleke hospitali iliyo karibu, na kumbuka saa dalili zilipoanza. Katika kiharusi, swali la kwanza la daktari litakuwa hilo.

Gharama, na pa kupeleka malalamiko

Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila ya malipo mwaka 1965, na hospitali za umma zimebaki kuwa tegemeo la wengi. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF) nao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2023. Kama wewe ni mwanachama, jua kabla ya kuumwa vituo gani vinakuhudumia na huduma zipi zimo. Katika kituo binafsi, ulizia ada ya kumuona daktari kabla ya kuingia, na omba risiti yenye mchanganuo: ada, vipimo, dawa.

Usiporidhika, anza kwa aliye karibu: mkuu wa kituo au uongozi wa hospitali. Mengi humalizika hapo. Yasipomalizika:

- Mwenendo wa daktari: Baraza la Madaktari Zanzibar.
- Dawa mbovu, bandia au iliyopita muda: Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA).
- Kutozwa kwa udanganyifu au kuuziwa huduma usiyopewa: Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar (ZFCC).
- Mzozo kuhusu bima ya afya ya Serikali: ZHSF.

Andika tarehe, mahali, jina la aliyekuhudumia na kilichotokea, ukaambatanisha risiti, cheti cha dawa na majibu ya vipimo. Lalamiko lenye karatasi husikilizwa haraka kuliko lenye hasira.

Daftari moja

Ukiyasahau mengine yote, nunua daftari dogo la skuli. Ukurasa wa kwanza uwe na jina lako, umri, maradhi uliyonayo, dawa zinazokudhuru, na nambari ya simu ya jamaa yako. Ukurasa wa pili uwe na dawa zako zote na vipimo vyake. Kurasa zinazofuata ziwe za namba: tarehe, shinikizo la damu, sukari, uzito. Lichukue kila uendako kutibiwa, iwe kituo cha shehia au Mnazi Mmoja, na mwombe kila daktari aandike humo neno lake na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ikifika, nenda, hata kama siku hiyo unajisikia mzima.